Nguzo ipo kwenye 3D, kwenye plani haipo: jinsi Revit inavyoamua nini kionekane wapi

Kama unachora majengo na Revit, programu ya usanifu wa majengo, hii umeshakutana nayo. Umeweka nguzo, ukifungua 3D unaiona imesimama vizuri kabisa, ukirudi plani ya ghorofa ya pili haipo, ukifungua plani nyingine ya ghorofa hiyohiyo ipo ila imefifia kama inataka kupotea, halafu ukiuliza wenzako ofisini kila mtu ana jibu lake. Huyu anakwambia bonyeza VG (dirisha la mipangilio ya maonyesho ya mwonekano), yule anasema cheki fezi (hatua ya ujenzi ambayo kitu ni chake), mwingine anasema ni renji ya mwonekano hiyo, na kinachochosha ni kwamba wote wanaweza kuwa sahihi, maana tatizo lilelile linasababishwa na vitu vingi tofauti na hakuna mahali pamoja pa kuviona vyote kwa mpigo.

Mi naona watu wanapotea kwa sababu wanachanganya maswali mawili ambayo ndani ya programu yanajibiwa kwa kanuni tofauti. Swali la kwanza ni je, kitu hiki kionekane au kisionekane? La pili ni kama kinaonekana, kionekaneje, yaani rangi gani, mstari mnene kiasi gani, kimejazwa au kitupu. Ukishayatenganisha haya mawili kichwani, VG na filta na templeti na fezi zote zinaanza kukaa mahali pake.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu mwonekano wenyewe. Waliotokea AutoCAD, programu ya kuchora ambayo ipo tangu 1982, wamezoea kwamba plani ni mchoro na seksheni (jengo likikatwa wima) ni mchoro mwingine, kila mmoja umechorwa kivyake kwa mistari, na mistari inapangwa kwenye leya ambazo unatengeneza mwenyewe unavyotaka. Revit ilianza na wazo tofauti (kampuni iliyoitengeneza ilianzishwa Marekani mwaka 1997, toleo la kwanza likatoka 2000, Autodesk wakainunua 2002), wazo lenyewe ni kwamba jengo ni moja tu ndani ya faili, na plani, seksheni, elevesheni, 3D, hata jedwali la milango, yote ni namna za kuliangalia jengo hilohilo, na kila namna inaitwa mwonekano. Ukifuta mlango kwenye seksheni umeufuta kila mahali. Lakini ukiuficha kwenye seksheni umeuficha hapo tu, plani haina habari. Kwa hiyo kila mwonekano una mipangilio yake ya maonyesho, na jengo la kawaida la ghorofa nne tu, maduka chini na apatimenti juu, linakupa mionekano mia na kitu bila hata kujitahidi. Hapo ndipo kazi ilipo.

Leya kama zile za AutoCAD hamna. Kuna kategoria: kuta, milango, madirisha, nguzo, fanicha na kadhalika, na hizo zimewekwa na watengenezaji, huwezi kuongeza kategoria yako mpya, unachoweza ni kuongeza vikategoria ndani yake. Hili liweke akilini maana ndiyo sababu filta zipo, nitazifikia.

Sasa swali la kwanza, la kuonekana. Hapa kanuni ni kali: vizuizi viko vingi na kimoja tu kikikataa, kitu hakionekani. Ni kama umeme wa nyumbani, uniti zipo kwenye mita, mein swichi iko on, fyuzi nzima, lakini swichi ya ukutani imezimwa, basi taa haiwaki na wala hizo nyingine zote kuwa sawa hakusaidii kitu. Hakuna mkubwa kati yao. Hii ndiyo sababu mtu anawasha kategoria ya nguzo kwenye VG, tiki ipo, anaiangalia kwa macho yake, na nguzo bado haipo, anaanza kusema programu ina bagi.

Vizuizi vyenyewe ni hivi, na sivipangi kwa ukubwa. Kuna kategoria kwenye VG. Kuna filta ambayo imeondolewa tiki ya kuonekana. Kuna kitu kufichwa kimoja kimoja kwa mkono, ile ukiandika EH. Kuna kufichwa kwa muda kwa HH au kutengwa kwa HI, ambapo mwonekano unazungukwa na fremu ya rangi ya samawati na ukiandika HR yote yanarudi. Kuna wokseti, yaani kundi la vitu ndani ya faili kama faili ni la watu wengi, ambayo inaweza kufichwa kwenye mwonekano mmoja au kufungwa kabisa hata isipakiwe kwenye mashine yako. Kuna fezi. Kuna opsheni za usanifu, yaani mapendekezo mbadala ndani ya faili moja. Kuna fani ya mwonekano, kama usanifu au stractura, na hii inawashangaza wengi, kwamba ukiweka mwonekano uwe wa fani ya stractura basi kuta zote ambazo hazibebi mzigo zinatoweka zenyewe bila kukuuliza. Kuna fremu ya kukata pembeni. Kuna kiwango cha undani, maana familia (vitu vya kupachika kama milango na fanicha) nyingine zimetengenezwa zionyeshe vipande fulani kwenye undani wa juu tu. Na kuna renji ya mwonekano, na hapa naomba tukae kidogo.

Plani ndani ya Revit ni jengo limekatwa kwa msumeno usawa fulani na wewe unaangalia chini. Usawa huo kwenye faili la kuanzia la metriki ni milimita 1200 juu ya sakafu ya leveli husika. Kinachopita kwenye usawa huo kinakatwa na kuchorwa kwa mstari mnene, kilicho chini yake kinachorwa kwa mstari mwembamba kama kitu unachokitazama kutoka juu, na kilicho chini kabisa ya mpaka wa mwisho wa renji hakichorwi. Sasa fikiria dirisha la choo ambalo kizingiti chake kiko mita 1.5. Msumeno umepita chini yake, halijaguswa dirisha la watu, ukuta unachorwa mzima kana kwamba hakuna uwazi wowote pale. Fundi akiipokea shiti hiyo anajenga ukuta mzima na hana kosa, karatasi ndiyo imemwambia. Dawa sio kupandisha mkato wa plani nzima hadi mita 1.6, ukifanya hivyo unaharibu kwingine, dawa ni kuchora eneo dogo la plani pale chooni lenye usawa wake wa mkato na kwingine pabaki palivyo.

Na kuna lingine ambalo watu wachache wanalijua: ukuta ulio mfupi kuliko kama mita 2 haukatwi hata kama mkato umepita katikati yake. Unachorwa kama kitu kinachotazamwa kutoka juu tu. Kwa hiyo ukuta wa uzio wa mita 1.5 utaonekana mwembamba na mweupe pembeni ya ukuta wa nyumba uliojazwa vizuri, na utahangaika na VG mpaka jioni bila kupata jibu kwa sababu jibu halipo VG. Fanicha nayo na vyombo vya chooni havikatwi kabisa, ni kategoria zisizokatika.

Kitu kikipotea, cha kwanza bonyeza ile alama ya balbu chini ya dirisha la mwonekano. Fremu inageuka rangi ya zambarau iliyokoza kuelekea waridi na vilivyofichwa kwa mkono au kwa kategoria vinajitokeza kwa rangi hiyohiyo. Kama kitu chako kimejitokeza, umeshajua ni moja ya hizo. Kama hakijajitokeza hata na balbu, usipoteze muda tena VG, nenda moja kwa moja kwenye renji, fezi na wokseti, maana balbu haina uwezo wa kukuonyesha kilicho nje ya renji wala kilichozuiwa na fezi. Jaribio hili peke yake linakupunguzia nusu ya kazi ya kutafuta.

Swali la pili sasa, kionekaneje. Hapa kanuni inageuka kabisa, hakuna tena habari ya kila mmoja kuwa na kura ya kukataa, hapa kuna ngazi, aliye juu anasema na wa chini ananyamaza. Chini kabisa kuna staili za vitu, hizi ni za mradi mzima, ndipo unaposema ukuta ukikatwa mstari wake uwe namba 5 kwa mfano kati ya zile namba 16 za unene zilizopo. Juu yake kuna VG ya mwonekano husika, hapo unaweza kusema kwenye plani hii tu fanicha ziwe zimefifia. Fezi nayo ina michoro yake ya kubadilisha, vilivyokuwepo, vipya, vya kubomolewa, na inaishinda VG ya kategoria, kwa hiyo ukifanya ukarabati wa jengo la zamani halafu ukaona rangi uliyoiweka kwenye VG haiji, angalia huko. Filta inaishinda kategoria. Na juu kabisa kuna kile ulichobadilisha kwa mkono, kitu kimoja kimoja ndani ya mwonekano huo, hicho kinawashinda wote.

Lakini uzuri ni kwamba kila ngazi inasema kuhusu kile tu ilichojaziwa. Kama filta yako imeweka rangi ya kujaza na kuacha mstari wazi, mstari utaendelea kutoka VG, na kama VG nayo iko wazi utatoka kwenye staili za vitu. Watu wengi hujaza kila kiboksi wanachokiona ilhali walitaka rangi tu, baadaye wakibadilisha unene wa mistari ya mradi mzima kuta zao zinabaki vilevile na hawajui kwa nini.

Unene wenyewe nao una jambo. Zile namba 16 kwa vitu vya jengo zina jedwali linalotegemea skeli, namba 5 kwenye 1:50 sio milimita zilezile na namba 5 kwenye 1:200, na ndivyo inavyotakiwa maana plani ndogo ikichorwa na mistari minene inakuwa tope jeusi. Mistari ya maandishi na vipimo haifuati skeli. Na tafadhali kabla hujahukumu unene kwa macho hakikisha hujawasha TL, ile inayofanya mistari yote ionekane myembamba kwenye skrini. Haibadilishi unachoprinti hata kidogo, lakini ukiisahau imewashwa unaweza kukaa unarekebisha unene ambao ulikuwa sahihi tangu mwanzo.

Turudi kwenye filta, kwa maoni yangu ndiyo kifaa bora kuliko vyote na kinatumika kidogo mno. Kwa kuwa huwezi kujitengenezea kategoria, filta ndiyo njia yako ya kusema "si kuta zote, bali kuta ambazo taarifa yake fulani inasema hivi". Mfano wa kweli kabisa ni kuta za kuzuia moto. Ukuta una sehemu ya kuandika kiwango chake cha kustahimili moto, ukijaza dakika 60 au 120 kwenye aina ya ukuta, unatengeneza filta inayochagua kila chenye 120 na kukipaka nyekundu, nyingine ya 60 machungwa, na plani yako ya usalama wa moto imejipaka rangi yenyewe. Mtu akibadilisha aina ya ukuta kesho, rangi inafuata. Linganisha na yule aliyebofya ukuta mmoja mmoja na kuupaka kwa mkono, ukuta ukibadilishwa rangi inabaki ya zamani na plani inasema uongo kwa sura ya ukweli, tena kwenye jambo la maisha ya watu.

Filta ina pande mbili na hapa wengi wanajikwaa. Kanuni yake, yaani inachagua nini, ni ya mradi mzima, ukiibadilisha popote imebadilika kote. Lakini rangi yake na tiki yake ya kuonekana ni za kila mwonekano au kila templeti kivyake. Kwa hiyo filta hiyohiyo ya moto inaweza kupaka rangi kwenye plani ya usalama, ikanyamaza kwenye plani ya ujenzi, na kwenye plani ya tatu ikaficha kila kitu kisichohusika. Filta zikigongana kwenye kitu kimoja, iliyo juu kwenye orodha ndiyo inashinda, na unaweza kuzipandisha na kuzishusha. Tangu toleo la 2019 unaweza kuunganisha masharti kwa "au" na sio "na" peke yake, na tangu 2021 kuna tiki ya kuizima filta bila kuitoa, kitu ambacho kabla ya hapo ulilazimika kuifuta kwenye orodha na kuirudisha kwa kumbukumbu.

Haya, templeti. Yote niliyoyasema hapo juu ukiyapanga vizuri kwenye mwonekano mmoja bado una mionekano mia mingine. Templeti ya mwonekano ni mkusanyo wa majibu hayo, skeli, undani, VG, filta, fani, renji, linki (mafaili ya wengine yaliyoingizwa kwenye lako), yamewekwa pamoja kwa jina moja na mionekano mingi inasoma kutoka hapo. Ukibadilisha templeti, plani zote ishirini zinazoitumia zimebadilika. Ndio maana ukifungua VG ukakuta kila kitu ni cha kijivu na hakikubali kubofywa, usishtuke, mwonekano huo una templeti na inakulinda usiharibu plani moja ikatofautiana na wenzake.

Ndani ya templeti kila mpangilio una kiboksi. Kikiwa na tiki templeti inaushika mpangilio huo, ukitoa tiki unabaki huru kwa kila mwonekano. Watu wanaacha tiki zote kwa sababu ndivyo ilivyokuja, halafu wanalalamika templeti inabana. Mfano renji: kama leveli zako zina urefu tofauti au ile ghorofa ya chini ya maduka ni ndefu, toa tiki ya renji uiache kila plani na yake, VG na filta zibaki zimeshikwa.

Tofautisha pia kuvaa templeti na kugongewa muhuri wa templeti. Mwonekano unaweza kuvaa moja tu, na ukishaivaa unaifuata siku zote. Lakini unaweza kuchagua kuitumia mara moja tu kwenye mwonekano, hapo thamani zinanakiliwa na uhusiano unaisha, kesho ukibadilisha templeti mwonekano huo haujui. Vyote vina kazi yake. Kosa ni kufanya la pili ukidhani umefanya la kwanza, na unaligundua wakati shiti moja imetoka tofauti na nyingine zote.

Na hili ni la kushika sana: templeti haishiki vitu ulivyoficha au kupaka kwa mkono. Havimo humo kabisa. Ukiificha bimu moja kwa EH kwenye plani ili picha itoke safi, hakuna templeti wala orodha itakayomkumbusha mtu kwamba kuna bimu imefichwa, na ukiinakili plani hiyo kutengeneza nyingine, ficho linaenda nayo. Mi kwa shiti za ujenzi ningependa EH isitumike kabisa, kama kitu hakitakiwi kuonekana kuna sababu, na sababu hiyo inaweza kuandikwa kama taarifa ya kitu na filta ikaisoma.

Hapo ndipo linakuja suala la kutenganisha mionekano ya kazi na mionekano ya shiti. Plani unayochorea isiwe plani inayoprintiwa. Ya kazi iache bila templeti au iwe na templeti yake nyepesi, ficha, tenga, fanya fujo unavyotaka. Ya shiti ivae templeti na isiguswe. Kwenye mipangilio ya aina ya mwonekano kuna sehemu ya kuchagua templeti itakayovaliwa moja kwa moja na kila mwonekano mpya wa aina hiyo, kwa hiyo tengeneza aina mbili za plani, ya kazi na ya shiti, na hata mtu mgeni kwenye timu akitengeneza plani mpya inakuja imeshavaa. Ukilazimika kuchungulia kitu ndani ya plani ya shiti, tumia mipangilio ya muda, mwonekano unazungukwa na fremu ya zambarau, unafanya unachotaka, ukitoka kila kitu kinarudi kwenye templeti.

Linki zina ugumu wake zaidi. Faili la injinia wa stractura likiingia kwenye lako linakuja likifuata mwonekano wako, yaani VG zako na filta zako zinaligusa nalo. Unaweza kulibadilisha lifuate mwonekano aliouandaa injinia mwenyewe ndani ya faili lake, na hapo unaona kama alivyotaka yeye, ila filta zako hazina tena nguvu juu yake. Na kuna njia ya tatu ya kuchagua kipande kwa kipande, yenye nguvu sana na yenye kusahaulika sana. Uamuzi huu nao unakaa ndani ya templeti, kwa hiyo linki mpya ikiingizwa katikati ya mradi inaingia na mpangilio wa kawaida kwenye templeti zote na lazima uzipitie. Na kama nguzo za injinia zipo kwenye 3D yako na hazipo kwenye plani, cheki ulinganisho wa fezi kwenye linki, huenda fezi yake ya ujenzi mpya haijaunganishwa na yako.

Wanaotumia ArchiCAD ya Graphisoft, wale wa Budapest, wana mambo haya haya yamepangwa kwa namna nyingine. Wao wana leya na michanganyiko ya leya, seti za peni, na tangu toleo la 20 wana kanuni za kubadilisha michoro zinazofanana sana na filta, halafu mwonekano uliohifadhiwa unakumbuka ni mchanganyiko upi na seti ipi. Swali la kionekane na swali la kionekaneje yametengana zaidi kule na nakiri ni rahisi zaidi kumfundisha mtu mpya.

Ukishapata seti ya templeti na filta zinazokaa sawa usiziache zife na mradi. Fungua faili la zamani na jipya kwa pamoja, kwenye menyu ya kusimamia kuna amri ya kuhamisha viwango vya mradi, chagua templeti za mionekano, filta, unene wa mistari na staili za vitu, chukua vyote vinne pamoja, maana templeti ikihamia peke yake bila unene wa mistari itafuata namba zilezile zenye milimita tofauti, na shiti zitatoka na sura nyingine wakati kila tiki iko mahali pake.